Umri wa kunywa ukifika 21, nani atapiga simu?

Tangu Kenya izindue sera mpya ya taifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya mwezi Julai 2025, watu wamebishana kuhusu jambo moja: je, kupandisha umri wa chini wa kununua na kunywa pombe kutoka miaka 18 hadi 21 kutapunguza ulevi? Wenye baa wanahesabu hasara. Viongozi wa dini wanapongeza. Vijana wanauliza vipi mtu wa miaka 19 aaminiwe kura lakini asiaminiwe chupa ya bia. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ililazimika kufafanua kwamba sera ni mwongozo tu, na kwamba sheria iliyopo haibadiliki mpaka Bunge liibadilishe. Katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali la hosteli: mwanafunzi wa mwaka wa pili akizimika saa saba usiku, akawa anakoroma kwa shida huku wenzake watatu wamemzunguka, na wote wanne kwa sheria mpya ni wahalifu, nani kati yao atapiga simu?

Msimamo wangu ni huu. Umri wa miaka 21 unaweza kutetewa, na una ushahidi wake. Lakini nchi inayouandika kwenye sheria bila kuweka kando yake msamaha wa dharura inaongeza hatari pale pale inapodai kuipunguza. Msamaha wa dharura ni kanuni inayosema kwamba mwanafunzi anayeomba msaada kwa ajili ya aliyezidiwa na pombe, pamoja na huyo aliyezidiwa, hawataadhibiwa kwa kosa la kunywa. Vyuo havina haja ya kungoja Bunge. Seneti ya chuo chochote inaweza kuipitisha muhula huu, hata kama umri utabaki 18, kwa sababu kanuni za nidhamu za vyuo vingi tayari zinaadhibu kunywa au kuwa na pombe hosteli bila kujali miaka ya mtu.

Marekani ndiyo imeishi na 21 kwa muda mrefu kuliko wengi. Sheria ya mwaka 1984 haikuamuru majimbo moja kwa moja. Ilitishia kuyakata sehemu ya fedha za barabara kuu, na kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Vifo vya vijana barabarani vilipungua, na mtu mkweli hawezi kulipuuza hilo. Ila wanafunzi wa vyuo hawakuacha kunywa. Walihama kutoka baa, ambako kuna mhudumu mwenye macho na leseni ya kupoteza, wakaingia vyumbani na kwenye nyumba za vyama vya undugu vya wanafunzi (fraternity), ambako pombe kali hunywewa haraka kabla mtu hajaikuta. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 nchini humo walitia saini tamko la kutaka mjadala wa 21 ufunguliwe upya, wakisema sheria imezaa utamaduni wa kunywa kwa siri. Tamko halikubadilisha umri. Kilichobadilika, chuo baada ya chuo na jimbo baada ya jimbo, ni namna ya kushughulikia simu ya usiku.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Ithaca, jimbo la New York, kilichoanza mpango wake mwaka 2002. Watafiti wake walichapisha matokeo miaka minne baadaye. Simu za kuomba msaada ziliongezeka. Wanafunzi waliosema hawakupiga simu kwa kuogopa kumtia mwenzao matatani walishuka kutoka asilimia 3.8 hadi 1.5. Waliopata ushauri wa kitaalamu baada ya tukio, yaani kuketi na mhudumu wa afya na kuzungumzia unywaji wao, walipanda kutoka asilimia 22 hadi 52. Unywaji wenyewe haukuonekana kupanda. New York ilitunga sheria ya jimbo zima mwaka 2011 na Indiana mwaka uliofuata. Indiana iliweka masharti mafupi ambayo mlevi nusu anaweza kuyakumbuka: taja jina lako, baki pale ulipo mpaka msaada ufike, na shirikiana na wanaokuja kusaidia.

Hata hivyo takwimu za Cornell zina jambo ambalo watetezi wa msamaha hulipita haraka. Asilimia 3.8 ni ndogo. Sababu iliyotajwa zaidi na wanafunzi wasiopiga simu haikuwa hofu ya adhabu; ni kwamba hawakuwa na hakika kama mwenzao amezidiwa kiasi cha kuhitaji hospitali. Hofu huingia hapo kama uzito wa mwisho kwenye mizani. Mtu asiyejua dalili, ambaye pia anajua kwamba akikosea ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, atajiambia kwamba jamaa yuko sawa, alale tu iishe. Kwa hiyo chuo kinachobandika tangazo la msamaha bila kufundisha dalili kimefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Dalili zenyewe si siri ya madaktari. Chupa ya robo, mililita 250 ya pombe ya asilimia 40, ina takribani gramu 79 za kileo halisi. Hiyo ni karibu bia tano za nusu lita. Bia tano huchukua jioni nzima na hujaza tumbo, ilhali robo yaweza kumalizwa kwa dakika ishirini kwenye mchezo wa karata. Msichana wa kilo 55 aliyeinywa hivyo bila kula anaweza kufikia gramu 0.25 za kileo kwa kila mililita 100 za damu, na kuanzia 0.30 kwenda juu ubongo huanza kusahau kuamuru mapafu yapumue. Ini huondoa kiasi cha 0.015 kwa saa na halina gia ya kuongeza kasi. Maana yake, aliyefika 0.25 saa tano usiku, saa nne asubuhi bado angenaswa na alkoblo, kile kipimo cha pumzi cha polisi barabarani. Na kile wengi wasichokijua ndicho kinachoua: kiwango cha kileo kwenye damu huendelea kupanda baada ya mtu kuzimika, kwa sababu iliyobaki tumboni bado inaingia. Aliyelazwa kitandani saa sita akiwa anaguna anaweza kuwa katika hali mbaya zaidi saa saba, wakati waliomlaza wamesharudi kwenye muziki.

Ndiyo maana maswali ya kuulizwa chumbani ni machache na hayahitaji kipimo. Ukimwita jina kwa sauti na kumfinya bega kwa nguvu, anaamka? Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima: zikiwa chini ya nane, au kukiwa na sekunde kumi au zaidi kati ya pumzi moja na nyingine, hiyo ni dharura. Tazama midomo, fizi na kucha, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi ubluu hauonekani usoni. Je, ngozi ni baridi na yenye unyevu? Je, anatapika bila kuamka? Je, ametetemeka kwa degedege? Moja tu kati ya hizo inatosha kupiga simu, hata kama unaona aibu. Wakati mkisubiri, alazwe ubavu: mkono wa upande anakogeuzwa unyooshwe mbele yake, kiganja cha mkono wa pili kiwekwe chini ya shavu, goti la juu likunjwe ili asibingirike, na kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi na matapishi yatoke nje. Mtu akae naye. Kahawa haisaidii kitu. Kumwagia maji baridi kunaushusha joto mwili ambao tayari unalipoteza. Kumtia kidole kooni ni hatari, maana uwezo wa koo kujilinda umelala pamoja naye, na anachotapika kinaweza kuishia kwenye mapafu.

Kuna jambo linaloifanya hoja hii iwe nzito zaidi kwetu kuliko Ithaca. Pombe ya mwanafunzi wa Kenya asiye na pesa mara nyingine haina lebo ya kuaminika. Mwezi Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga baada ya kunywa pombe haramu, na miaka kumi kabla yake, Mei 2014, methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa. Methanoli hudanganya. Mnywaji anaweza kulala, akaamka akidhani ana uchovu wa kawaida wa pombe, kisha baada ya saa 12 hadi 24 macho yakaanza kuona ukungu, tumbo likauma na pumzi zikaenda mbio. Matibabu yapo, lakini hufaa yakianza mapema, na daktari anahitaji kujua ni kinywaji gani, kilinunuliwa wapi, na kama chupa ipo. Ongeza vidonge vya usingizi vinavyotiwa kwenye glasi za watu, ile inayoitwa mchele, na utaona kwamba mhudumu wa afya anahitaji ukweli wote kwa haraka. Mwanafunzi anayehofia kufukuzwa hosteli hutoa nusu ya ukweli. Atasema mwenzake alianguka, au ana malaria. Zahanati itapima malaria, na nusu saa imeenda.

Sasa tuzitazame hoja za wanaopinga, maana ziko kadhaa na hazina uzito sawa.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba msamaha ni kibali cha kunywa. Hoja hii inamdhania kijana wa miaka 19 kuwa mhasibu anayekaa Ijumaa jioni, akapiga hesabu kwamba leo atakunywa mpaka azimike kwa kuwa chuo hakitamwadhibu akipelekwa hospitali. Hakuna anayekunywa kwa mpango wa kuwekewa dripu. Na tukiichukua hesabu hiyo kwa uzito wake, bado inapinduka. Bila msamaha, njia nafuu ya aliyezidiwa ni kubebwa kitandani na kufichwa, ambako hakuna karatasi wala mkutano na mtu yeyote. Chini ya msamaha ulioandikwa vizuri atapitia zahanati, jina lake litaingia kwenye rejista ya ushauri, na wiki hiyo hiyo ataketi mbele ya mshauri kueleza anakunywa kiasi gani na kwa nini. Adhabu hubaki kwa aliyekutwa na askari akinywa kwenye ngazi za hosteli. Anayepoteza nafasi ya kujificha ni mlevi wa mara kwa mara, ambaye utamaduni wa kufichana ndio umemlinda. Ile asilimia 22 iliyogeuka 52 inaeleza jambo hilo vizuri kuliko mahubiri.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Kwa nini mwanafunzi apewe kinga ambayo kijana wa rika lake anayeendesha bodaboda nje ya lango la chuo hana? Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inamfanya mtu yeyote anayekutwa amelewa chakari hadharani kuwa mkosaji, na polisi hawaulizi kitambulisho cha chuo kabla ya kumpandisha kwenye lori. Kuwapa wasomi upendeleo ni dhuluma, na mtu akisema hivyo amesema kweli. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kumnyima mwanafunzi. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haimbagui mwendesha bodaboda wala mwanafunzi wa udaktari. Ikiwa Bunge litaandika 21 kwenye sheria, kifungu cha msamaha kiandikwe humo humo kwa ajili ya kila mtu: anayeomba msaada, anayesaidiwa, mjini au kijijini. Chuo ni mahali pa kuanzia kwa sababu tayari kina kanuni zake, zahanati yake na askari wake. Na mfano wa kisheria upo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Mtu aliye katika hatari ya kufa asikutane na pingu kabla ya daktari. Sioni kwa nini mantiki hiyo isifike kwenye chumba cha hosteli.

Tatu ni vyuo vya kidini, na hapa Kenya ni vingi. Kwao pombe ni marufuku kabisa na mwanafunzi alitia saini alipojiunga. Wakuu wake wanahofia kwamba msamaha utasomeka kama kulegeza imani. Wanaweza kutazama Brigham Young, chuo cha Wamormoni huko Utah, ambacho kanuni zake za heshima zinakataza pombe, chai na hata kahawa. Mwaka 2016, baada ya malalamiko kwamba wanafunzi waliobakwa walikuwa wanachunguzwa kwa kuvunja kanuni hizo, chuo kilikubali msamaha kwa wanaoripoti. Kanuni ya pombe haikuguswa. Marufuku na msamaha vinaweza kukaa ukurasa mmoja, kwa sababu kimoja kinazungumzia tabia na kingine kinazungumzia uhai.

Nne, na kwangu hii ndiyo hoja inayostahili jasho: msamaha unaweza kuwepo kwenye vitabu na usimsaidie mtu. Mwezi Februari 2017, Timothy Piazza, kijana wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Penn State, alinyweshwa na wanachama wa chama cha wanafunzi alichokuwa akijiunga nacho. Waendesha mashtaka walisema ni vinywaji 18 ndani ya dakika 82. Alianguka ngazi za chini ya nyumba. Kamera zilionyesha wenzake wakimlaza kwenye kochi, wakimpiga makofi, wakimvisha begi lenye vitabu mgongoni ili asilale chali na kukabwa na matapishi. Karibu saa 12 zilipita kabla ya simu kupigwa. Pennsylvania ilikuwa na sheria ya msamaha tangu 2011. Haikufua dafu kwa sababu hofu iliyokuwa kwenye nyumba ile ilikuwa kubwa kuliko faini ya kunywa kabla ya umri: walihofia chama kufungwa, walihofia mashtaka ya kumtesa mgeni, na kila mmoja alimtazama kiongozi wa nyumba kwanza. Jimbo liliandika sheria mpya mwaka 2018, yenye jina la Piazza, ikapanua kinga na wakati huo huo ikapandisha adhabu ya mateso ya kuwaingiza wanachama wapya.

Funzo la Pennsylvania kwa anayeketi kuandika kanuni ni kwamba lazima kwanza ujue hofu yenyewe iko wapi. Kwetu vyama vya namna ile havina nguvu hiyo, ila tuna hofu zetu. Ya kwanza ni kufukuzwa hosteli katikati ya muhula na kuanza kutafuta chumba cha kukodi. Ya pili ni simu kwa mzazi. Kwa wanafunzi wengi barua ya kusimamishwa masomo haitishi kama sauti ya mkuu wa wanafunzi ikizungumza na mama kijijini. Ya tatu ni gharama: ambulensi nyingi ni za binafsi, na swali la nani atalipa huulizwa kabla injini haijawashwa. Ya nne ni askari wa lango, ambaye saa nane usiku ataanza kwa kuuliza vitambulisho vya wote, nani alileta chupa, na kwa nini wasichana wako upande wa wavulana. Kanuni isiyogusa hizo nne itabaki karatasi.

Tuanze na maneno. Ibara ndefu zenye “chuo kinaweza, kwa hiari yake, kuzingatia” haziaminiki, na mwanafunzi aliyekunywa hana muda wa kuzitafsiri. Iandikwe “hataadhibiwa.” Ilindwe pande tatu: aliyepiga simu, aliyezidiwa, na mwenye chumba au kikundi kilichoandaa sherehe, mradi simu ilipigwa mara tu dalili zilipoonekana. Hapa ndipo kanuni nyingi hukosea, zikamlinda mpiga simu peke yake, kisha rafiki anakataa kupiga kwa sababu atakuwa amemkabidhi mwenzake kwa kamati. Mambo yasiyofunikwa yatajwe kwa majina: kupigana, kubaka, kuuza pombe au dawa, kumtilia mtu kitu kwenye kinywaji, kuharibu mali, kuendesha gari. Ila aliyebakwa akiwa amelewa afunikwe wazi wazi, kwa sentensi yake mwenyewe, kwa kuwa huyo ndiye anayenyamaza kuliko wote.

Halafu masharti baada ya tukio. Aliyezidiwa akutane na mshauri ndani ya siku 14, na asipokwenda kinga iondoke. Mara ya pili bado asiadhibiwe kwa kunywa, lakini tathmini iwe ya kina zaidi na mpango wa matibabu uandikwe. Wapo wanaotaka msamaha wa mara moja tu. Naona wanakosea, maana anayezidiwa mara ya pili ndiye aliye karibu zaidi na jeneza, na wenzake watakuwa wanakumbuka kwamba tiketi yake imekwisha. Rekodi zikae zahanati, zilindwe kama taarifa nyingine za afya chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na zisiingie kwenye faili la nidhamu. Kuhusu wazazi, Marekani ilibadilisha sheria mwaka 1998 ili vyuo viruhusiwe kuwaarifu wazazi wa wanafunzi walio chini ya miaka 21 kuhusu makosa ya pombe, na vyuo vimegawanyika hadi leo kama kufanya hivyo kunasaidia. Pendekezo langu ni la kati: mzazi apigiwe mtoto akilazwa akiwa hajitambui au maisha yakiwa hatarini, kama ambavyo angepigiwa kwa ajali ya gari. Kwa aliyeamka na kuruhusiwa kurudi chumbani asubuhi, uamuzi uwe wake, kwa kuwa ni mtu mzima.

Baadaye ndipo vifaa na watu, sehemu inayovunja mipango mizuri. Namba iwe moja, ibandikwe nyuma ya kila mlango wa hosteli na kuchapishwa nyuma ya kitambulisho cha mwanafunzi, na ipokelewe na muuguzi wa zamu au mtu anayeweza kumfikia kwa dakika moja. Askari aje kama dereva na mbeba machela. Maswali yake yawe matatu: anapumua, amekunywa nini, ameanguka popote? Swali la tatu ni muhimu kwa sababu jeraha la kichwa hujificha nyuma ya ulevi, na usingizi wa damu iliyovuja kichwani unafanana kabisa na usingizi wa pombe. Zahanati iwe na kipimo cha sukari, kwani kijana aliyekunywa bila kula anaweza kuwa amezimika kwa sukari kushuka, na hilo hugunduliwa kwa tone moja la damu. Iwe pia na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mashine ya kufyonza matapishi, na gari lenye mafuta usiku. Chuo ambacho zahanati yake hufungwa saa kumi na moja jioni kiingie makubaliano ya maandishi na hospitali iliyo karibu, bili ya usiku wa kwanza ilipwe na chuo na kudaiwa baadaye. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kesi ya familia moja mahakamani, ikiwa lugha ya pesa ndiyo itakayoeleweka kwenye baraza la chuo.

Tatizo gumu linabaki nje ya lango. Wanafunzi wengi hawalali hosteli za chuo. Wako Kahawa Wendani, wako Juja, wako Njoro, katika majengo ya kukodi ambako mwenye nyumba hufunga geti usiku na mlinzi hana namba ya mtu yeyote. Huko kanuni ya seneti haimfungi polisi, wala haimzuii mwenye nyumba kumtoa mpangaji. Chuo kinaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, kiseme wazi kwamba msamaha wake unamfuata mwanafunzi popote alipo. Pili, kiketi na mkuu wa polisi wa eneo na kukubaliana kwa maandishi kwamba gari la wagonjwa likiitwa kwa ajili ya kileo, polisi hawatalifuata kwa ajili ya kukamata. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma tayari ina sera ya kuyaondoa makosa madogo kwenye njia ya mahakama. Makubaliano ya aina hii yanaingia humo bila kuvunja sheria yoyote. Makubaliano ya wilaya moja huvunjika afisa akihamishwa, najua, na ndiyo sababu hatimaye kifungu kinahitajika kwenye sheria yenyewe.

Hapo tunarudi kwenye 21. Mwanafunzi wa kawaida huingia chuo kikuu akiwa na miaka 18 au 19. Sheria ikibadilika, darasa zima la mwaka wa kwanza na la pili, pamoja na wengi wa mwaka wa tatu, litakuwa halali kwa kura, kwa ndoa na kwa mkopo wa HELB, lakini haramu kwa glasi. Baadhi wataacha kunywa, na hiyo ni faida halisi. Waliobaki watanunua kwa wakala, watanunua nyingi kwa mkupuo mmoja kwa kuwa hawajui lini watapata tena, na watanunua kali, kwa sababu robo huingia mfukoni na kreti ya bia haiingii. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vidogo, Machi 2017 ilijua vizuri kwamba ukubwa wa chombo ndio unaoamua nani anaficha nini. Mwanafunzi anajua pia. Kwa hiyo wanaotaka 21 wana sababu kubwa kuliko sisi wengine ya kudai kifungu cha msamaha, maana sera yao itahukumiwa kwa kijana wa kwanza atakayekufa akiwa amefungiwa chumbani na marafiki waliohofia umri wake.

Muswada utakapofika kwa maoni ya umma, pendekezo la kupeleka ni fupi: kwamba mtu aliye chini ya umri hatashtakiwa kwa kununua, kumiliki au kunywa pombe ikiwa kosa hilo limejulikana kwa sababu yeye, au mtu kwa niaba yake, aliomba msaada wa dharura wa matibabu, akabaki hapo na kueleza ukweli. Wakati huo ukisubiriwa, seneti zina mkutano kila muhula, na hosteli zina milango isiyo na namba.